Mtoto Akae Wapi? Baiskeli, Mbeleko na Mtaa wa Vickery Meadow



Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba tulikusanyika chini ya ngazi za jengo letu hapa Vickery Meadow, jijini Dallas, kwa ajili ya baiskeli. Haikuwa harambee wala msiba, kwa hiyo kila mtu alikuja na kiti chake na chai yake. Mwenzetu mmoja, mama wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa amepewa baiskeli iliyokwisha kutumika na mtu wa kazini kwake. Zamu yake huanza saa mbili asubuhi. Mama anayemlelea mtoto anakaa kama maili mbili kutoka hapa, na ukienda kwa basi ni lazima ubadilishe njiani. Ukilikosa la kwanza, siku imekwisha haribika. Alikuwa ameshachelewa mara mbili na ameonywa kuwa ya tatu atafute kazi nyingine. Gari hana. Baiskeli anaijua tangu utoto wake Kasulu, mkoani Kigoma. Alichotaka kutoka kwetu ni jibu la swali moja tu: mtoto akae wapi?

Tulidhani ni jambo la nusu saa. Jua lilituchwea palepale.

Mzee wetu wa Uvira alianza kwa kushangaa kwamba swali lenyewe lipo. Kwao, alisema, mtoto hukaa mgongoni kwa mama yake na kitenge hufungwa vizuri, basi. Mwenzetu wa Tanga akaongeza kwamba mtoto mkubwa kidogo hukaa mbele, juu ya lile bomba la fremu, kwenye kitambaa kilichokunjwa, akishika usukani kana kwamba yeye ndiye anayeendesha. Ndugu yetu wa Kisumu yeye aliona keria inatosha. Kila mmoja alisema kweli, kwa kuwa kila mmoja alibebwa hivyo na yuko hai anakunywa chai. Lakini tulipoanza kuulizana ni nani hasa alikuwa akiendesha na ni nani alikuwa amembeba mtoto, mazungumzo yakageuka, na hapo ndipo tukajikuta tunaingia katika historia.

Baiskeli tunayoijua sote, yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa ile aliyoiita Rover. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Inafaa tukumbuke kwamba Dunlop hakuanza kwa kufikiria mashindano wala jeshi. Mwanawe mdogo alikuwa akirushwarushwa na mawe ya barabarani juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na baba akatafuta namna ya kumpunguzia adha. Tairi la upepo ambalo limebeba nusu ya mizigo ya Afrika Mashariki lilitengenezwa kwanza kwa ajili ya makalio ya mtoto.

Kwetu baiskeli ilifika kabla karne ya 19 haijaisha, mikononi mwa wamisionari na maofisa wa kikoloni. Haikukaa mikononi mwao muda mrefu. Uganda, pesa za pamba, na baadaye za kahawa, ziliwawezesha wakulima kununua zao wenyewe, na kufikia miaka ya 1930 baiskeli lilikuwa jambo la kawaida katika vijiji vya Buganda. Waliokua Tanganyika na Kenya wanaikumbuka Raleigh ya Nottingham, na baada ya uhuru Phoenix ya Shanghai na Avon ya India. Tanzania ilikuwa na Swala yake. Kenya watu waliita zile nyeusi nzito Black Mamba, jina la nyoka, na aliyewahi kuipandisha mlima anajua kwa nini.

Baiskeli hizo zote zilikuja na keria ya chuma nyuma. Keria ilitengenezwa kwa ajili ya mzigo, lakini kwetu haikukawia kuwa kiti. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana walianza katika miaka ya 1960 kuwavusha watu kutoka boda moja hadi nyingine kwa nauli, wakaweka mto wa sifongo juu ya keria, na jina la boda boda likazaliwa. Kisangani, nchini Kongo, baiskeli ya abiria ikaitwa toleka, neno la Kilingala. Shinyanga na Mwanza tuliita daladala, kama mabasi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zikalichukua jina la boda boda na sehemu kubwa ya abiria wake, lakini vijijini keria haijastaafu.

Sasa, katika historia yote hiyo, kiti cha mtoto hakimo. Hatukumbuki duka hata moja la vipuri, Kigoma wala Bukavu wala Mombasa, lililokuwa limetundika kiti cha mtoto pale mlangoni karibu na tairi na mipira ya breki. Fundi mmoja mmoja alichomelea kijikiti cha nondo kwa mteja aliyekuwa na uwezo, lakini hilo lilikuwa la kuagiza. Hatukukihitaji kwa sababu tulikuwa na kiti bora zaidi, nacho ni mama. Baba aliendesha, mama alikaa upande juu ya keria, miguu yote miwili ikining'inia upande mmoja, na mtoto alikuwa mgongoni au kifuani ndani ya mbeleko. Barabara ikiwa mbaya, mama alishuka akatembea. Baiskeli ikiyumba, mama aliruka. Wenye umri mkubwa miongoni mwetu waliona hilo likitokea: baiskeli chini mtaroni, baba chini mtaroni, mama amesimama kando na mtoto hata hajaamka.

Hapo ndipo mama wa Kasulu aliposema neno lililotunyamazisha. "Sawa wazee wangu," alisema, "lakini hapa baba ni mimi, na mama ni mimi."

Njia ya nyumbani ilikuwa njia ya watu wazima wawili. Mmoja alikuwa na mikono ya usukani na mwingine mikono ya mtoto. Ukimwondoa mmoja, mbeleko na baiskeli havikamilishani tena. Mwendeshaji aliyembeba mtoto mgongoni, akianguka, humwangukia mtoto au hurushwa pamoja naye, na hana mkono wa kumkinga. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, wanakataza waziwazi kumbeba mtoto mgongoni au kifuani juu ya baiskeli, na wanasema mtoto asiyetimiza miezi 12 asipandishwe baiskeli kabisa. Sababu wanayoitoa si ngumu kuielewa: kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa shingo yake, na kofia ngumu inazidi kukiongezea uzito. Mzee wa Uvira alisikiliza tafsiri hiyo hadi mwisho, akasema kwamba madaktari hao hawajawahi kuona mbeleko iliyofungwa na mwanamke wa Kibembe. Huenda. Lakini hata yeye hakujibu hoja ya mikono.

Tunapaswa kusema kidogo kuhusu mtaa wetu, maana bila hivyo msomaji aliyeko Muscat au Leicester atajiuliza kwa nini maili mbili ziwe tatizo, si mtu atembee tu?

Vickery Meadow ni majengo ya kupanga yaliyosongamana kaskazini mashariki mwa Dallas, kati ya Central Expressway na Greenville Avenue na kuendelea mashariki, Northwest Highway ikiwa kusini. Mengi yalijengwa katika miaka ya 1960 na 1970, na hayakujengwa kwa ajili yetu. Yalijengwa kwa vijana wasio na ndoa waliokuwa na mshahara na gari. Mabwawa ya kuogelea yalikuwapo. Watoto hawakutakiwa, na majengo mengi yaliandika hivyo waziwazi: watu wazima tu. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya makazi, na tangu hapo mwenye nyumba hawezi kumkataa mpangaji kwa sababu ana watoto, isipokuwa katika makazi maalumu ya wazee. Vijana walihama, kodi ikashuka, familia zikaingia. Kisha mashirika ya kupokea wakimbizi yakaona kwamba hapa kuna nyumba nyingi, rahisi, karibu na treni. Wakaja Wabosnia, Wasomali, Waburma, Wabhutani, Waeritrea. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 na kuishi Tanzania zaidi ya miaka thelathini, watu ambao Kiswahili chao huwaaibisha baadhi yetu wa pwani. Baadaye wakaja Wakongo kutoka Nyarugusu na kambi za Uganda.

Kwa hiyo mtaa uliojengwa kwa watu wasio na watoto leo una watoto kila ngazi. Barabara hazikujua kwamba wangekuja. Kuna mahali njia ya waenda kwa miguu inakatika ghafla kwenye majani, na kigari cha mtoto cha kusukuma hakina pa kupita ila barabarani. Ndugu zetu wa Houston wanatuambia kwamba Gulfton ni hadithi ileile: majengo ya miaka ya 1970 kwa vijana wa neema ya mafuta, mafuta yakaanguka bei katika miaka ya 1980, wahamiaji wakaingia. Sisi na wao tumerithi nyumba za watu wengine, na barabara zao pia.

Kuhusu baiskeli, Dallas haina sifa. Jarida la Bicycling liliitaja kuwa jiji baya kuliko yote Marekani kwa waendesha baiskeli mwaka 2008, likarudia mwaka 2012. Mambo yametengenezwa kidogo tangu hapo, na mashariki ya mtaa wetu inapita njia nzuri ya White Rock Creek, isiyo na magari, inayoshuka hadi ziwani. Shida ni kuifikia. Na hakuna mwajiri wala mlezi wa mtoto anayekaa ziwani.

Basi tukarudi kwenye swali. Vijana wawili wenye simu walianza kutuonyesha namna zinazouzwa.

Kwanza trela, kile kigari chenye hema kinachokokotwa nyuma. Mtoto hukaa chini karibu na ardhi, amefungwa mikanda, na baiskeli ikianguka trela kwa kawaida hubaki limesimama, kwa kuwa kiungo chake kinazunguka. Mvua haimpigi na jua la Texas halimchomi sana. Akina mama wengi walilipenda palepale. Lakini lina mambo matatu yaliyotusumbua. Ni pana, na liko chini kiasi kwamba dereva wa lori aliyekaa juu anaweza asilione, hata likiwa na bendera. Haliwezi kupanda kwenye chuma cha baiskeli kilichoko mbele ya basi la DART, na siku ya pancha huyu mama atategemea basi. Halafu yeye anakaa ghorofa ya pili, na wenye jengo, ambao hatutawataja, hawaruhusu kitu chochote kuachwa chini ya ngazi. Kulibeba trela na mtoto na mkoba kupanda ngazi 16 kila jioni, tulihesabu, si jambo la mtu mmoja.

Pili zile baiskeli za sanduku mbele, ambazo Waholanzi na Wadenmarki hubebea watoto wawili watatu kama mikate. Tulizitazama kwa heshima, tukaona bei, tukaendelea. Wajapani nao wana baiskeli zao za akina mama, na mwaka 2009 serikali yao iliruhusu rasmi mama kubeba watoto wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mradi baiskeli yenyewe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ndugu wa Kisumu aliuliza kwa nini sheria ichelewe hivyo wakati kwao watatu ni kawaida. Hakupata jibu.

Tatu baiskeli ndefu, ambayo gurudumu la nyuma limesogezwa nyuma na keria imekuwa ndefu kama benchi. Hapa tutasimama kidogo. Kampuni ya Kimarekani iliyozieneza, Xtracycle, ilianzishwa mwaka 1998 na Ross Evans, baada ya kukaa Nicaragua na kuona namna watu wa kule walivyohangaika kubeba mizigo kwa baiskeli zisizotengenezwa kwa mizigo. Wazo hilohilo baadaye lilipelekwa Kenya na kuundiwa baiskeli ya boda boda, ndefu na imara. Maana yake ni kwamba kitu ambacho mzazi wa kitongoji tajiri cha Dallas ananunua leo kwa dola elfu na zaidi, na kujiona wa kisasa, kilianza kwa mtu kutazama maskini wakifunga mizigo kwenye keria. Hatusemi hili kwa kinyongo. Ila mwenzetu wa Kisumu alifurahi sana, akataka tumwandikie barua Bwana Evans kudai nauli ya Busia.

Nne ni kiti cha plastiki kinachofungwa nyuma, juu ya keria au kwenye bomba la siti. Kina mgongo mrefu, mikanda ya mabega na mahali pa kufunga miguu. Kwa kawaida hubeba mtoto hadi ratili 40, yaani kama kilo 18. Ubaya wake ni kwamba mtoto anakaa juu, na uzito ukiwa juu na nyuma baiskeli inakuwa na kichwa chepesi. Ajali nyingine hata si za mwendo: baiskeli imesimamishwa kwenye stendi, mama amegeuka kuchukua mkoba, baiskeli inaanguka na mtoto akiwa amefungwa ndani yake.

Wazee hawakukitaka. Walisema hicho ni keria iliyovalishwa plastiki, na kama ni keria, basi keria ipo tayari, afungwe na kitenge pesa ibaki. Ilielekea hoja hiyo ishinde. Ndipo mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye alikuwa hajasema neno tangu chai ya kwanza, alipovua kiatu chake cha kushoto.

Kisigino chake kina kovu kama mdomo, kutoka kifundo cha mguu hadi chini. Alikuwa na miaka minne. Alikaa kwenye keria ya Phoenix ya kaka yake, miguu ikining'inia pande mbili, wakiteremka. Mguu uliingia kwenye spoku. Alisema hakumbuki maumivu. Anakumbuka baiskeli ilisimama ghafla na kaka yake akaruka juu ya usukani. Alikaa miezi mitatu bila kukanyaga, na hadi leo viatu vya dukani vinamkataa. Alipomaliza, mwenzetu wa Tanga akasema polepole kwamba dada yake pia. Kisha mwingine akasema binamu yake. Mnajua jinsi watu wanavyoanza kukumbuka. Katika watu 14 tuliokuwa pale, 5 walimjua mtoto aliyeumizwa kisigino na spoku, na hakuna aliyekuwa amelitaja katika saa tatu za kusifu keria.

Madaktari wa mifupa Afrika na Asia wanalijua jeraha hili kiasi cha kulipa jina lake lenyewe. Linampata mtoto hasa, kwa sababu miguu yake ni mifupi haifiki pa kukanyaga, na huning'inia palepale gurudumu linapozunguka. Dawa yake ni ya senti chache: kitu cha kuziba kati ya mguu na spoku. Hata zamani Waholanzi walifunika gurudumu la nyuma kwa kitambaa kigumu, ili magauni yasinaswe.

Hapo kiti cha nyuma kilipita, si kwa kuwa hakina hatari, ila kwa kuwa kina kuta za miguu. Tulichanga. Kilipatikana kimoja kilichotumika, na mikanda yake yote ilikuwa mizima. Kofia ngumu tulinunua mpya, yenye karatasi ndani inayoonyesha kwamba imepita kipimo cha serikali kilichoanza kutumika mwaka 1999. Kofia iliyokwisha gonga chini haifai, na ya mkononi huwezi kujua iligonga wapi. Tangu mwaka 1996 Dallas imekuwa na sheria ya kofia kwa waendesha baiskeli, na tangu 2014 inawahusu tu walio chini ya miaka 18. Mzee wa Uvira aliona ajabu mtoto kuvaa na mama yake kuruhusiwa kuacha, na katika hilo tulimuunga mkono wote. Mama akanunuliwa yake. Taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, maana asubuhi za Oktoba bado ni giza anapotoka.

Fundi wetu alibadilisha stendi ya upande mmoja akaweka ya miguu miwili, isiyoyumba. Jumapili tulifanya majaribio kwenye uwanja wa kuegesha magari, kwanza na mfuko wa mchele wa ratili 20 umefungwa mikanda, kofia juu yake. Watoto wote wa jengo walikimbia nyuma wakiupigia mchele makofi. Alizunguka mara kumi, akajifunza kwamba anapanda kwa kurusha mguu mbele, si nyuma, na kwamba mtoto huingia mwisho na kutoka kwanza.

Njia tulimchagulia sisi. Haipiti Greenville Avenue hata kidogo. Inazunguka mitaa ya ndani na kuongeza kama nusu maili, na mahali pawili anashuka na kusukuma. Sheria ya jimbo la Texas haikatazi baiskeli kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo palipo na njia hiyo anaitumia polepole. Anafika kwa dakika 20 na kidogo. Basi lilikuwa likimchukua dakika 50, likija.

Mzee wa Uvira hakuridhika kabisa. Jumatatu ile ya kwanza alishuka na kitenge, akataka walau akifunge juu ya mikanda. Mama wa Bujumbura alimkatalia. Ncha ya kitenge ikilegea, alisema, inaishia mahali palepale kisigino chake kilipoishia. Wakabishana kwa Kiswahili, halafu kwa lugha zao, kila mmoja kwa yake. Mwishowe kitenge kilikunjwa mara nne, kikashonwa kwenye kitako cha kiti, hakina ncha inayoning'inia. Kipo hadi leo.

Mtoto yule sasa amepita ratili 40 na anakwenda shule kwa miguu yake. Kiti kimekwisha wabeba watoto wengine watatu, na kila mzazi ameandika jina la wake kwa kalamu ya wino mzito chini ya plastiki. Wa sasa ni mtoto wa familia ya Kirundi ghorofa ya kwanza. Anayefuata kwenye orodha ana miezi minane. Mama yake tumemwambia angoje, na kila Jumamosi anakuja kutuuliza imebaki miezi mingapi, kana kwamba sisi ndio tunaoihesabu polepole.